Malaria nne, lakini nne ipi?

Sumbawanga mjini kuna baridi. Joto na mbu viko bondeni. Anayepanda na homa yake kutoka Muze au Mtowisa, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, huenda akafika na karatasi ya majibu ya zahanati mkononi. Zamani mara nyingi jibu lilikuwa tarakimu tupu, na mwenyewe aliitaja kwa kujigamba kidogo: "Nimekutwa na malaria nne."

Nne ipi? Kwa hesabu ya alama za kujumlisha, nne ndiyo kilele: vimelea zaidi ya 10 kila eneo la darubini linapoangaliwa. Kwa hesabu ya vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200, nne ni vimelea vinne tu, yaani kama 160 katika maikrolita ya damu. Mwenye nne ya kwanza si wa kuachia aende nyumbani hivihivi. Wingi wa damu, yaani himoglobini, nao ulikuwa na vurugu zake: huku asilimia, kule gramu, na asilimia 100 yenyewe haikulingana kutoka kifaa hadi kifaa.

Daktari mwenye shaka anaweza kumpigia simu mtu wa maabara. Kompyuta haina wa kumuuliza. Ndiyo maana mwaka 1994 Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani, chini ya daktari Clement McDonald, ilianzisha LOINC, orodha ya namba za vipimo. Humo kipimo hutambulishwa kwa mambo sita: kinachotafutwa, namna ya kukieleza, muda, sampuli, aina ya jibu na, ikibidi, njia iliyotumika. Himoglobini kwa uzito katika ujazo wa damu ni 718-7, popote ilipopimwa.

Wataalamu wa Regenstrief walifika pia Kenya, kwa ushirika wa vyuo vikuu vya Indiana na Moi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, jirani na Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, na kazi hiyo ikazaa programu ya OpenMRS mwaka 2004. Moyo wa programu hiyo ni kamusi ya dhana, ambamo kila kipimo kinaweza kufungwa na namba yake ya LOINC.

Wauza mifumo hawapendi kusema kwamba namba hiyo hutaja kilichopimwa tu. Slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa ovyo itasafiri na namba sahihi kabisa hadi Hospitali ya Kanda Mbeya.

Siku hizi kipimo cha haraka kimeipunguzia darubini kazi: mistari miwili, malaria ipo. Hata hivyo wapo wanaouliza, "Sawa, ila ni ngapi?"