Dude la Sponji Lililotumwa Kuiteka Dunia

Roger Corman alikisimulia kisa hiki kwa miaka mingi. Mwaka 1956, mwigizaji Beverly Garland alioneshwa dude ambalo angepambana nalo katika filamu ya *It Conquered the World*. Hadithi ilidai kwamba dude hilo limetoka sayari ya Zuhura kuwatia binadamu wote utumwani. Garland akalitazama kutoka juu, kwa kuwa alilizidi kimo, kisha akalipiga teke. Corman, aliyekuwa mwongozaji, akaelewa papo hapo na kuagiza lirefushwe.

Fundi wa dude hilo alikuwa Paul Blaisdell, ambaye alitengeneza mazimwi yake nyumbani akisaidiwa na mkewe, Jackie. Aliunda kiunzi cha mbao, akakivika sponji, akalipa dude mikono yenye magando kama ya kaa, meno yaliyochongoka na sura iliyokunjamana kwa hasira. Siku ya kurekodi aliingia mwenyewe ndani yake na kuliendesha. Lilikuwa zimwi la kukaa pangoni, lionekane nusu nusu gizani. Likatolewa nje kwenye jua la Los Angeles, na hapo ndipo kila mtu alipoona kwamba dunia inatekwa na tango kubwa lenye meno.

Filamu za namna hii zilizaliwa na biashara. Mwaka 1948, uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani ulizilazimisha kampuni kubwa za Hollywood kuachia majumba ya sinema ziliyokuwa zikiyamiliki. Kisha televisheni ikawafungia watu wazima sebuleni. Waliobaki kutoka usiku ni vijana, na walikwenda kwenye viwanja vya sinema ambako mtu huegesha gari na kutazama akiwa ndani yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, viwanja hivyo vilikuwa zaidi ya 4,000. Vilihitaji filamu nyingi, za bei ya chini, mbili kwa kiingilio kimoja. Katika kampuni ya American International Pictures, James Nicholson alikuwa akianza na jina la filamu na bango lake. Mwandishi wa hadithi alitafutwa baadaye. Bango liliahidi makubwa, na fundi akaachiwa kuyatimiza kwa senti alizopewa.

Huko Texas, badala ya sponji, walitumia mbwa. Katika *The Killer Shrews* ya mwaka 1959, wanasayansi wamekwama kisiwani wakizingirwa na virukanjia waliokua kupita kiasi. Kirukanjia anajulikana: mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayepita ukutani bila kumsumbua mtu. Wale wa filamu ni mbwa waliovalishwa manyoya na meno ya bandia, na kamera inaposogea karibu huwekwa kikaragosi cha mkono badala yao. Mwisho wa filamu, walionusurika wanapindua mapipa, wanayafunga pamoja, wanaingia chini yake na kwenda wamechuchumaa hadi ufukweni, huku mbwa wakibweka pembeni. Hakuna mwigizaji hata mmoja anayecheka. Wanahema, wanatoka jasho, wanaogopa kwa moyo wote, na hapo ndipo ulipo utamu. Mtazamaji anaona zulia la manyoya na anaona hofu ya kweli, vyote kwa wakati mmoja, na akili yake haiwezi kuchagua.

Mwigizaji Jeff Morrow hakuweza hata kuchagua. Aliigiza *The Giant Claw* ya 1957 bila kuoneshwa ndege mkubwa aliyekuwa akimkimbia, kikaragosi kilichotengenezwa Mexico. Alisimulia baadaye kwamba alimwona mara ya kwanza ukumbini, katika mji wa kwao. Watu waliangua kicheko, naye akatoka kimyakimya.

Mwaka 1988, kituo kimoja cha televisheni cha Minneapolis kilianza kurusha *Mystery Science Theater 3000*, ambamo mtu mmoja na roboti za vikaragosi hutazama filamu kama hizi na kuzisemea juu kwa juu. Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam, akisikia sauti ya msimulizi Lufufu juu ya filamu ya kigeni, haoni ajabu: nusu ya raha iko kwa msemaji. Kwa upande mwingine *Sharknado* ya 2013, yenye papa wanaoletwa na kimbunga, inajua tangu mwanzo kwamba ni mzaha. Inachekesha, lakini haigusi kama Blaisdell akitokwa jasho ndani ya sponji.

Phoenixville, mji mdogo wa Pennsylvania, wanaujua vizuri utamu huo wa kuogopa kwa moyo wote. Hapo ndipo ilipopigwa sehemu ya *The Blob* ya 1958, filamu ya uteute mwekundu kutoka angani unaomeza watu, uteute wa silikoni na rangi. Katika tukio moja unajipenyeza ndani ya ukumbi wa Colonial, na watazamaji wanamiminika barabarani. Ukumbi ungalipo. Tangu mwaka 2000, kila Julai, watu huja na watoto wao, hujaa ndani, kisha milango hufunguliwa na wote hutoka mbio wakipiga mayowe, wakikimbia kitu ambacho hakipo.