Tone la mvua ndani ya chupa ya kioo

Mwaka juzi nilifundisha fizikia kwa muda katika sekondari moja. Siku hiyo nikachora ubaoni tone la mvua: mwale wa jua unaingia, unapinda, unatokea upande wa pili ukiwa umegawanyika rangi. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mbona tukiangalia upinde wa mvua jua huwa liko mgongoni?" Nikakwama. Kwa mchoro wangu, mtu angelazimika kuliangalia jua usoni ndipo auone upinde!

Kumbe swali hilo lilishawatesa wakubwa. Aristotle alisema mwanga unaakisiwa na wingu. Ibn al-Haytham, bingwa wa elimu ya mwanga wa karne ya 11, naye alilichukulia wingu kama kioo mbonyeo. Wote walilitazama wingu zima. Waliokuja kushughulika na tone moja walitokea mwanzoni mwa karne ya 14, na walikuwa wawili, kila mmoja kivyake: Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi, na Theodoric wa Freiberg, mtawa Mdominiko wa Ujerumani.

Tone la mvua huwezi kulisimamisha hewani ulichunguze. Basi wakatengeneza tone kubwa: chombo cha kioo cha duara kilichojazwa maji. Al-Farisi alikiweka ndani ya chumba cha giza chenye tundu la kuingizia mwanga. Wote wawili wakafikia jibu lilelile. Mwale unapinda ukiingia, unagonga ukuta wa nyuma na kuakisiwa, kisha unapinda tena ukitoka kurudi upande uliotoka jua. Ukiakisiwa mara mbili ndani, unapata ule upinde wa pili wa juu, hafifu, wenye rangi zilizogeuzwa.

Al-Farisi aliyaandika haya ndani ya ufafanuzi wake wa kitabu cha huyohuyo Ibn al-Haytham. Yaani anamfafanua bingwa na palepale anamsahihisha. Sisi tulio kwenye shahada ya uzamili tunajua hiyo si kazi ndogo.

Theodoric naye ana kituko chake. Njia ya mwale, ambayo ndiyo ngumu, aliipata. Lakini ukubwa wa upinde akauandika nyuzi 22, wakati Roger Bacon alishapima nyuzi 42 katika karne iliyotangulia.

Kwa nini 42? Hilo lilimsubiri Descartes, mwaka 1637. Yeye naye alianza na chombo cha maji, halafu akakaa kukokotoa mwale mmoja baada ya mwingine. Akakuta mingi inasongamana ikitoka karibu na nyuzi 42, na kwamba kupita hapo hakuna unaotoka baada ya kuakisiwa mara moja. Rangi ndizo zilizomshinda. Newton ndiye aliyeonyesha kwamba kila rangi inapinda kwa kiasi chake: nyekundu inatokea kwenye nyuzi 42 hivi, zambarau kwenye 40. Vitabu vyetu vingi vya shule vinaanzia kwa Newton na prizimu yake, na nadhani ndiyo maana mchoro wangu ulikuwa mbovu. Kwenye prizimu mwanga unapita tu, hakuna kurudi.

Wiki iliyofuata nikaenda darasani na chupa ya maabara yenye tumbo la duara, nikaijaza maji ya bomba. Kipindi kilikuwa cha asubuhi, jua bado liko chini. Tukatoka nje. Kijana mrefu kuliko wote akasimama juu ya kiti akaiinua. Yule msichana akasimama hatua kadhaa mbele yake, jua mgongoni.

"Ishushe kidogo," akamwambia. "Tena."

Pakawa hakuna kitu. Halafu kwenye ukingo wa chini wa chupa ikawaka nukta nyekundu, kali kabisa. Chupa iliposhuka kidogo tena ikawa ya njano, kisha bluu. Darasa zima likaanza kugombania nafasi ya kusimama pale aliposimama.