Msimbo wa QR Unaoharirika: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kuchapa

Na Mwandishi Wetu

Vipeperushi, mabango, kadi za biashara na vifungashio vya bidhaa vina sifa moja inayofanana: vikishatoka kwa mpiga chapa haviwezi kurekebishwa. Bei ikibadilika, ofisi ikihama au tarehe ya maonesho ikisogezwa mbele, taasisi au mjasiriamali hulazimika kuchapa upya, au kuacha taarifa zilizopitwa na wakati ziendelee kusambaa. Msimbo wa QR unaoharirika hupunguza gharama hiyo, kwa kuwa maudhui unayoyafungua yanaweza kubadilishwa bila kugusa karatasi. Hata hivyo, manufaa hayo hudumu endapo tu anwani iliyo nyuma ya msimbo inatunzwa.

Asili na aina za misimbo

Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani na kampuni ya Denso Wave, chini ya mhandisi Masahiro Hara, kwa lengo la kufuatilia vipuri katika viwanda vya magari. Kampuni hiyo iliruhusu teknolojia hiyo itumike bila malipo, na leo muundo wake unaongozwa na kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 18004. Kutengeneza msimbo wa kawaida, kwa hiyo, hakuhitaji ada wala kibali.

Misimbo hii ni ya aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, taarifa yenyewe, kwa mfano anwani kamili ya tovuti, huandikwa moja kwa moja ndani ya vijisanduku vyeusi na vyeupe. Ikishachapwa haibadiliki. Katika aina ya pili, kinachoandikwa ndani ya msimbo ni anwani fupi ya kati. Mwananchi anapouskani, simu huenda kwanza kwenye anwani hiyo, kisha seva humwelekeza kwenye ukurasa uliokusudiwa. Mwenye msimbo anapotaka kubadilisha ukurasa huo, hubadilisha maelekezo katika seva pekee. Kwa maneno mengine, kinachohaririwa si mchoro uliochapwa bali ni njia inayoanzia hapo.

Faida kwa mchapishaji

Faida ya kwanza ni kuokoa fedha za uchapaji. Kipeperushi kilichotumika katika Maonesho ya Sabasaba kinaweza kutumika tena Nane Nane kwa kuelekeza msimbo uleule kwenye orodha mpya ya bei.

Faida ya pili ni urahisi wa kusomeka. Kadiri anwani inavyokuwa ndefu, ndivyo vijisanduku vinavyoongezeka na kuwa vidogo. Kwa kiwango cha kati cha kusahihisha makosa, anwani ya herufi 26 hutosha katika mraba wa vijisanduku 25 kwa 25, lakini anwani ya herufi 100 huhitaji mraba wa 41 kwa 41. Katika msimbo wenye upana wa sentimita 2, tofauti hiyo hushusha upana wa kila kijisanduku kutoka milimita 0.8 hadi takriban milimita 0.5, jambo linalozisumbua simu zenye kamera hafifu.

Faida ya tatu ni takwimu. Seva ya kati inaweza kuhesabu mara ambazo msimbo umeskaniwa, saa, aina ya simu na eneo la kukadiria. Taarifa hizo humsaidia mchapishaji kujua bango lipi linasomwa. Aidha, pale taarifa hizo zinapoweza kumtambulisha mtu, ukusanyaji wake unapaswa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tahadhari: anwani isipotunzwa

Mwaka 2015 nchini Ujerumani, mteja aliyeskani msimbo uliokuwa kwenye chupa ya tomato sosi ya Heinz alijikuta katika tovuti ya ponografia. Msimbo huo uliwekwa kwa ajili ya shindano la kubuni lebo, lililokuwa limekwisha. Usajili wa jina la kikoa haukuendelezwa, likachukuliwa na mtu mwingine, ilhali chupa zilikuwa bado mezani kwa watu. Kampuni iliomba radhi hadharani.

Fundisho la tukio hilo ni kwamba umri wa chapisho huwa mrefu kuliko umri wa kampeni. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchapa, taasisi au mfanyabiashara anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kujua mmiliki wa anwani ya kati ni nani. Huduma nyingi za kutengeneza misimbo inayoharirika hutumia kikoa cha mtoa huduma na hutozwa ada ya mwezi au mwaka. Ada isipolipwa, au mtoa huduma akifunga biashara, misimbo yote iliyochapwa inaweza kufa kwa pamoja. Njia salama zaidi ni kutumia anwani fupi iliyo chini ya kikoa cha taasisi yenyewe.

2. Kuendeleza usajili wa kikoa kwa muda wote ambao chapisho litakuwa mikononi mwa watu, hata baada ya kampeni kumalizika. Badala ya kufuta ukurasa, uwekwe ujumbe mfupi kwamba zoezi limekwisha.

3. Kumwagiza fundi wa tovuti atumie uelekezaji wa muda, namba 302, badala ya ule wa kudumu, namba 301. Uelekezaji wa kudumu unaweza kuhifadhiwa na kivinjari cha simu, hivyo mtu aliyewahi kuskani akaendelea kupelekwa kwenye ukurasa wa zamani.

4. Kuacha nafasi nyeupe yenye upana wa vijisanduku vinne kila upande wa msimbo, kutumia rangi nzito juu ya rangi nyepesi, na kuujaribu kwa simu za aina tofauti kabla ya kuidhinisha uchapaji. Kwa bango, upana wa msimbo ukadiriwe kuwa sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji. Anayesimama mita 2 anahitaji msimbo wa sentimita 20.

5. Kuandika kando ya msimbo anwani inayosomeka na namba ya simu ya ofisi, kwa kuwa si kila mwananchi ana simu janja au bando la intaneti.

6. Kulinda nywila ya akaunti ya msimbo. Anayeipata anaweza kuelekeza maelfu ya vipeperushi kwenye tovuti ya utapeli bila kuchapa hata karatasi moja.

Pale aina hii isipofaa

Si kila msimbo unapaswa kuharirika. Msimbo ulio kwenye risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa mfano, hutumika kuhakiki muamala mmoja, na thamani yake iko katika kutobadilika. Vivyo hivyo, misimbo ya malipo inayofuata kiwango cha TANQR cha Benki Kuu ya Tanzania hutolewa na benki na watoa huduma za malipo; mfanyabiashara asiiweke nyuma ya anwani ya kati ya mtu mwingine.

Wajibu wa mwananchi

Januari 2022, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu misimbo ya QR iliyochezewa na wahalifu. Muda mfupi kabla ya hapo, katika jiji la Austin, Texas, stika zenye misimbo bandia zilikutwa kwenye mashine za kulipia maegesho ya magari.

Mwananchi anashauriwa kuangalia kama kuna stika iliyobandikwa juu ya msimbo halisi, na kusoma anwani inayoonekana kwenye simu kabla ya kuifungua. Tovuti za Serikali ya Tanzania huwa na jina la kikoa linaloishia na .go.tz. Kwa kuwa msimbo unaoharirika huweza kumpitisha mtu kwenye anwani fupi kwanza, ni muhimu kuikagua anwani kwa mara ya pili ukurasa unapofunguka, na kutoingiza namba ya siri ya benki au ya huduma za fedha kwa simu katika ukurasa wowote uliofikiwa kwa njia hiyo. Ikitokea shaka, apige namba ya ofisi husika na kuuliza kabla ya kuendelea.