Kabla Grainda Haijawashwa

Mwaka 1973 una historia mbili za magari. Oktoba ya mwaka huo nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta ziliinyima Marekani mafuta kwa kuiunga mkono Israeli vitani, na pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kule Marekani bei hiyo iliyamaliza magari waliyoyaita ya misuli, yaani magari ya kawaida ya familia yaliyobebeshwa injini kubwa kupita kiasi. Bima ghali na sheria za moshi zilikuwa zimeshaanza kuyabana; mafuta yakayazika. Huku kwetu bei hiyohiyo ilifanya kinyume: ililikataza gari kufa. Fedha za kigeni zilipungua, magari mapya yakaadimika, spea zikaadimika zaidi, na gari lililokuwepo likalazimika kuendelea kutembea. Wa kulitembeza alikuwa fundi.

Nilikuwa na jambo hilo kichwani nilipokwenda Kipawa. Ukitoka Tazara kwa Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, unaipita Vingunguti, na kabla hujafika uwanja wa ndege unaacha lami na kuingia kwenye vumbi la maghala na viwanda. Gereji niliyokuwa naitafuta haina kibao. Kwa lugha ya mjini ni gereji bubu, kwa maana ya kwamba haijisemi: unaelekezwa na mtu anayemjua mtu. Ndani kuna mwembe mmoja, paa la bati, mashine mbili za kuchomelea, mitungi ya gesi, kerezo la zamani, na vijana saba hivi wenye ovaroli zisizokumbuka tena rangi yake. Ndege ikishuka, mazungumzo yanasimama. Nyundo hazisimami.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta gari au umeleta maswali?"

Nilikuwa nimeleta maswali. Akanielekeza kwenye benchi.

Kazi inayoilisha gereji hii ni ya kawaida: bodi za malori, chasisi zilizopinda, injini za kuhamisha kutoka gari moja kwenda jingine. Lakini miaka ya karibuni wamekuja wateja wa aina nyingine, vijana wanaotaka gari lisifanane na la mtu. Siku ile palikuwa na Toyota Mark II ya umbo la GX100, zile ndefu za mwishoni mwa miaka ya tisini zilizojaa Dar. Kiwandani GX100 ilitoka na injini ya silinda sita, lita 2.0, ya mtu mpole. Hii ilikuwa inavishwa 1JZ-GTE, lita 2.5 yenye tabo, ambayo Toyota wenyewe waliitangaza kuwa na nguvu farasi 280. Kwa jicho la nje ni gari la mwalimu mkuu. Ukikanyaga mafuta, si la mwalimu mkuu tena.

Huo ndio mchezo wenyewe wa gari la misuli. Pontiac walipotoa GTO mwaka 1964 walichukua gari la ukubwa wa kati, Tempest, wakalitumbukizia injini ya lita 6.4 ya magari yao makubwa. Na kabla ya Pontiac walikuwepo vijana wa California. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, kwa hiyo miaka ya thelathini ilikuwa ya bei ya kutupa. Ford walipotoa injini ya V8 ya bei nafuu mwaka 1932, kijana asiye na kitu aliweza kung'oa mabawa ya gari kuukuu, kupunguza uzito, kubadilisha injini na kwenda kushindana kwenye maziwa makavu ya jangwani kama Muroc. Gari la namna hiyo ndilo lililokuja kuitwa hotirodi, na Januari 1948 likapata jarida lake. Leo hotirodi ni kitu cha matajiri na maonyesho. Asili yake ni uwanja wa chuma chakavu.

Sasa, ukiisoma historia hiyo kwa Kiswahili unacheka kidogo. Kung'oa, kukata, kupachika injini ya gari hili kwenye tumbo la gari lile: kwetu hayo yalikuwa maisha ya kila siku. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi yake ikagawanywa, UDA ikachukua mjini na KAMATA mikoani. Mabasi hayakutosha, na yaliyokuwepo yalisubiri spea kutoka nje. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 na 1979 ikawa vita ya Kagera. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Kwa miaka kadhaa Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani ili kubana mafuta. Mwaka 1983 serikali ikakubali kisichozuilika na kuruhusu mabasi ya watu binafsi mjini, ndizo daladala, zilizopewa jina na dala, ile sarafu ya shilingi tano. Wengine walipanda chai maharage, magari ya mizigo yaliyowekewa mabenchi, abiria wanatazamana magoti kwa magoti.

Hebu jiulize: mabenchi hayo aliyachomelea nani? Paa lile alilikunja nani? Ngazi ya nyuma, ambayo konda alining'inia maisha yake yote, aliipima nani? Kila chai maharage ilikuwa gari lililoundwa upya kwa mkono, na mji mzima ulipanda humo kwenda kazini. Mwanahistoria Mmarekani Joshua Grace, aliyejifunza kazi kwenye gereji zetu kabla ya kuandika, alichapisha mwaka 2021 kitabu kiitwacho African Motors, na ndani yake gereji za mitaani zimechukuliwa kama mahali pa maarifa ya kiufundi. Ni jambo jema. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na yule aliyekunja paa hakisomi.

Nyuma ya ile Mark II palikuwa na Land Rover 109, Series III. Kijana mwenye gari, wa miaka ishirini na kitu, aliirithi kwa babu yake, aliyeinunua kwenye mnada wa serikali. Alitaka ichongwe: mabawa ya mbele yakatwe, ishushwe, ivishwe matairi mapana, ipakwe rangi ya chungwa. Mzee alikuwa ameshakubali kazi na kupokea malipo ya awali. Ila alikuwa amemwomba kijana aje asubuhi ile kabla grainda haijawashwa.

Akatoa mfukoni sumaku ya spika iliyokufa, ameifunga kwenye kitambaa isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha juu ya bawa la kushoto taratibu, kama daktari anayesikiliza kifua.

Hapa inabidi nieleze. Land Rover ilipozinduliwa Aprili 1948, miezi mitatu tu baada ya lile jarida la hotirodi, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma uliosababishwa na vita. Kwa hiyo chasisi ilikuwa ya chuma, lakini sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Desturi hiyo iliendelea hadi Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Gari lenyewe ni mtoto wa shida. Na sumaku haishiki aluminiamu.

Sumaku iliteleza, ikateleza, halafu ikanasa. Mzee akachora duara kwa chaki. Ikateleza tena, ikanasa. Alipomaliza, bawa lilikuwa na maduara matatu. Palipoteleza ni kazi ya kiwanda cha Uingereza. Paliponasa ni kazi ya mtu wa hapahapa, aliyekosa aluminiamu akatumia bati la chuma.

"Angalia," akamwambia kijana. "Hakuchomelea. Kapiga ribiti. Aluminiamu ukiipelekea gesi bila kuijua inayeyuka usoni mwako."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitoboa ribiti nne, akainua ukingo wa kiraka kwa bisibisi. Katikati ya bati na aluminiamu palikuwa na ukanda mweusi, mwembamba, uliokauka: mpira wa tyubu. Chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa kwanza, na Dar ni mji wa chumvi na unyevu. Yule fundi, ambaye hakuna aliyepo anayelijua jina lake, alilijua hilo. Akakata tyubu, akautandika mpira, akafunga. Chini ya mpira aluminiamu ilikuwa bado inang'aa.

Tukafungua boneti. Injini haikuwa ya Land Rover. Ilikuwa Nissan TD27, dizeli ya lita 2.7, iliyounganishwa na giaboksi kwa sahani nene iliyokerezwa kwa mkono. Kijana akatoa kadi ya gari. Kadi ilisema injini ya petroli, bodi iliyofunikwa, rangi ya kijani. Mbele yetu palisimama pikapu nyeupe inayotumia dizeli. Mabadiliko ya namna hiyo hutakiwa kuandikishwa TRA, haya hayakuandikishwa.

Sisi tunaosoma vitabu tunafundishwa kuiamini karatasi. Mtu akiuliza historia ya kitu, tunaomba hati. Hapa hati ilikuwepo, ina mhuri, na haikusema hata neno moja juu ya lililolipata gari hilo kwa miaka arobaini. Historia ilikuwa kwenye ribiti, kwenye sahani iliyokerezwa, kwenye kipande cha tyubu. Na ilikuwa imebakiza saa chache.

Kijana alinyamaza kwa muda, halafu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalizunguka. "Mzee wangu, ingekuwa yako, ungeiacha hivihivi?"

"Mimi? Ningeikata," alisema mzee. "Ila ningejua ninachokikata."

Nimelitafakari jibu hilo tangu siku ile. Rahisi kwangu ingekuwa kusema gari lile lihifadhiwe, liwekwe makumbusho, lizungushiwe kamba. Lakini Land Rover ile haijafika leo kwa kuhifadhiwa. Imefika kwa kukatwa. Kila aliyeigusa aliondoa alichokikuta, akaacha chake, na ndiyo sababu bado inawaka. Kijana wa rangi ya chungwa hauvunji ukoo huo. Yeye ndiye kizazi chake kipya. Wanaotaka gereji zigande ili sisi tuone ya kale wanawadai mafundi kitu ambacho mafundi hawajawahi kuwa nacho: nafasi ya kutofanya kazi.

Tatizo langu liko kwingine. Kila kazi mpya inafuta ya kwanza, na hakuna anayeandika katikati. Na si magari peke yake. Kipawa yenyewe imekatwa. Nyumba za wakazi zilithaminiwa mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na wengi walisubiri zaidi ya miaka kumi kabla ya kulipwa na kuondoka, wengine wakaishia Pugu. Agosti 2019 jengo la tatu la abiria likazinduliwa. Abiria anayeshuka leo anaona lami na vioo. Gereji niliyokaa ipo kwenye kiwanja cha kupanga, na mzee aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye ribiti zake, kwamba mwenye kiwanja ameanza kuleta watu wa kupima. Kerezo linabebeka kwenye lori. Kujua kwamba kona fulani ya Kipawa ndipo watu walipojifunzia kazi hakubebeki, mpaka mtu akuandike.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwako, msomaji. Kwenye ukoo wako lipo gari lililokuwa na jina: ile 504 ya baba mdogo, lile Bedford la ushirika, kile kipanya kilichowasomesha. Kabla hujaliuza kwa kilo, tafuta sumaku. Muulize mwenye kumbukumbu nani alilitengeneza, wapi, kwa kutumia nini, na kwa nini hakutumia kingine. Andika kwa Kiswahili ili yule aliyelitengeneza aweze kukusahihisha.

Siku ile mzee alinipa saa moja. Nilipima viraka vyote vitatu kwa rula ya gereji, nikahesabu ribiti, nikachora sahani ya giaboksi kwenye daftari, nikaandika kilichomo kwenye kadi na kisichokuwemo. Kijana alishika upande wa pili wa rula. Kipande cha tyubu alikitia mfukoni mwenyewe, bila kuambiwa. Saa tisa na robo alasiri grainda ikawashwa.