Kicheko Kisicho na Maneno: Asili na Mvuto wa Vichekesho vya Vitendo vya Uingereza

Sanaa ya Waingereza inapotajwa, wengi hukumbuka kwanza maneno: tamthilia za Shakespeare, mashairi, riwaya, na hotuba za Bunge. Lakini miongoni mwa sanaa za taifa hilo zilizosafiri mbali zaidi duniani, mojawapo ni ya mtu asiyesema. Charles Chaplin na kofia yake ndogo, Stan Laurel akikuna kichwa kwa mashaka, Rowan Atkinson katika sura ya Mr. Bean: hao wote wamewachekesha watu wasiojua hata neno moja la Kiingereza. Insha hii inakusudia kueleza sanaa hiyo ya mwili ilitoka wapi, na mvuto wake ni nini. Maelezo hayo yana umuhimu kwetu, kwa sababu palikuwa na wakati ambapo watawala walidhani kwamba kicheko cha namna hii ni dalili ya uchanga wa akili. Historia inaonyesha kinyume chake. Ukimya wa wachekeshaji hawa ulizaliwa na sheria, ukalelewa na umaskini, ukakomazwa na kazi ngumu.

Mizizi yake haiko Uingereza peke yake. Katika karne ya 16 vikundi vya wachezaji wa Italia vilianza kuzunguka Ulaya vikionyesha michezo ya kubuni papo hapo, isiyosomwa katika maandishi. Wahusika wake walijulikana kwa vinyago na mavazi: mzee bahili, daktari anayejigamba kwa elimu asiyokuwa nayo, askari mwoga, na watumishi wajanja. Mmoja wa watumishi hao, Harlequin, alibeba kibao cha vipande viwili vya mbao vilivyofungwa pamoja upande mmoja. Alipompiga mwenziwe, vipande viligongana vikatoa mlio mkubwa, lakini aliyepigwa hakuumia. Katika kifaa hicho kidogo imo siri ya sanaa nzima: mtazamaji asikie pigo, na hapo hapo ajue kwamba hapana madhara. Bila ya mlio hapana mchezo. Na maumivu yakiwa ya kweli, kicheko hugeuka huruma.

Mwanzoni mwa karne ya 18 Harlequin alikwisha hamia London. Aliyemkuza huko ni John Rich, mwenye jumba la michezo na mchezaji mashuhuri, ambaye mwaka 1732 alifungua jumba la Covent Garden. Rich alimcheza Harlequin bila kusema, akitumia mikono, shingo na miguu. Kutokana na michezo hiyo pakakua aina ya maonyesho iitwayo pantomimu, ambayo hadi leo huchezwa Uingereza nyakati za Krismasi, ingawa sasa ina maneno mengi.

Hata hivyo, kilichoifanya sanaa ya ukimya iote mizizi hakikuwa kipaji cha mtu mmoja. Kilikuwa ni sheria. Mwaka 1737 serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiudhiwa na tamthilia za kuwakejeli mawaziri, ilipitisha sheria ya kudhibiti majumba ya michezo. Kila tamthilia mpya ilipaswa kukaguliwa na ofisa wa nyumba ya kifalme kabla ya kuchezwa. Zaidi ya hayo, katika London haki ya kucheza tamthilia za kusemwa ilibaki kwa majumba yenye hati ya mfalme, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa mawili makubwa: Drury Lane na Covent Garden. Majumba madogo, yaliyohudhuriwa na mafundi, vibarua, mabaharia na wachuuzi, yaliruhusiwa muziki, ngoma, sarakasi na maonyesho ya bubu. Mchezaji aliyethubutu kusema maneno ya tamthilia katika jumba kama hilo aliweza kuliponza jumba zima.

Wasanii hawakunyamaza kwa kunyamazishwa. Mahali palipohitaji maelezo waliinua vitambaa vyenye maandishi. Lakini kwa kuwa wengi wa watazamaji wao hawakujua kusoma, ilibidi habari yenyewe isomeke katika mwili wa mchezaji. Njaa ilipaswa kuonekana tumboni, woga magotini, hila machoni. Hali hii ilidumu kwa zaidi ya miaka 100, mpaka sheria ya mwaka 1843 ilipoufuta upendeleo wa majumba yenye hati. Vizazi kadhaa vya wachezaji vilikwisha jifunza kusema bila kinywa.

Mkuu wao alikuwa Joseph Grimaldi, aliyezaliwa London mwaka 1778 katika ukoo wa wachezaji wenye asili ya Italia. Alipandishwa jukwaani angali mtoto mdogo, na akakulia katika jumba la Sadler's Wells na lile la Drury Lane. Tarehe 29 Desemba 1806 alicheza Covent Garden katika pantomimu ya Mother Goose, na kuanzia hapo jina lake likaenea kote nchini. Yeye ndiye aliyempa damisi wa Kiingereza sura yake: uso uliopakwa rangi nyeupe, na mashavu yenye alama nyekundu. Damisi wake alikuwa mlafi, mwizi wa soseji, mtundu asiyejua haya. Alivikejeli vitu vikubwa kwa vitu vidogo: aliwafanyia dhihaka askari wa farasi na sare zao za fahari kwa kuvaa ndoo za makaa miguuni mahali pa viatu. Hakuhitaji kutamka neno la kuwatukana wakubwa, wala mkaguzi hakuwa na sentensi ya kufuta kwa kalamu yake. Hapo ndipo katazo la maneno lilipogeuka kuwa ngao ya msanii.

Lakini sanaa hiyo ilikuwa na gharama. Kuanguka, kuruka na kupigwa kila usiku, mara nyingine katika majumba mawili usiku mmoja, kuliuharibu mwili wa Grimaldi. Mwaka 1828, kabla ya kutimiza miaka 50, aliagana na watazamaji wake akiwa hawezi tena kusimama kwa muda mrefu. Alifariki mwaka 1837, na mwaka uliofuata kumbukumbu zake zilichapishwa baada ya kuhaririwa na kijana Charles Dickens. Anayeidhani kazi ya kuchekesha kuwa mchezo wa mzaha na atafakari maisha ya mtu huyu.

Katika karne ya 19 miji ya Uingereza ilijaa watu waliotoka mashambani kwenda kufanya kazi viwandani. Tabaka hili jipya lilijipatia burudani zake katika kumbi za muziki, ambamo watu walikunywa, wakala, wakasikiliza nyimbo na kutazama vichekesho. Charles Morton alifungua ukumbi maarufu wa Canterbury huko Lambeth, London, mwaka 1852. Kumbi hizi nazo zilikutana na tatizo la zamani kwa umbo jipya. Hazikuwa na leseni ya kuonyesha tamthilia za mazungumzo, na wenye majumba ya tamthilia, kwa kulinda biashara yao, waliwashtaki wenye kumbi waliovuka mpaka.

Fred Karno, aliyekuwa mchezaji wa sarakasi kabla ya kuwa mwenye vikundi, alilipatia tatizo hilo jibu. Michezo yake mingi ya mwanzo haikuwa na mazungumzo. Ilikuwa ya vitendo na muziki. Maarufu kuliko yote ni ule wa mwaka 1904 ulioonyesha ukumbi ndani ya ukumbi: wachezaji duni wanajitahidi jukwaani, na mlevi aliyevaa nguo za kitajiri anawavuruga kutoka kiti chake cha heshima. Karno aliwafunza vijana wake kwa ukali. Kila pigo lilikuwa na hesabu yake, na kila anguko lilirudiwa hata likawa jepesi machoni pa watu. Mwaka 1908 alijiunga naye kijana Charles Chaplin. Na kikundi kiliposafiri kwenda Marekani mwaka 1910, Chaplin na Stan Laurel walikuwamo pamoja.

Chaplin alizaliwa mwaka 1889. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa kumbi za muziki, lakini baba aliitupa familia, na mama alipoteza sauti na baadaye afya ya akili. Mwaka 1896 mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka 7, aliingizwa pamoja na mama yake na kaka yake katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Kwa hiyo, alipovumbua mwaka 1914 yule mhusika wake wa filamu, maskini mwenye koti la kubana, suruali pana, viatu vikubwa, kofia na bakora, hakuwa akikisia. Mavazi yale yanasema jambo moja kwa mkato: huyu hana kitu, lakini amekataa kuvuliwa heshima yake. Anapoanguka, huokota kofia kwanza. Anapokula kiatu kwa njaa, katika filamu ya mwaka 1925, hukikata kwa adabu kama mgeni katika karamu ya kitajiri. Watu hucheka kwa sababu adabu na njaa zimekaa meza moja.

Filamu za sauti zilipoenea baada ya mwaka 1927, wengi walidhani sanaa hii imekwisha. Chaplin alishikilia ukimya katika filamu zake za mwaka 1931 na 1936. Katika hiyo ya pili, inayohusu mfanyakazi anayetiwa wazimu na mashine za kiwandani, sauti ya yule maskini ilisikika hatimaye; lakini aliimba wimbo wa maneno yasiyo ya lugha yoyote, na maana yake ikabaki mikononi na usoni. Hata alipokubali kusema, alikataa kuwa mtu wa lugha moja.

Sasa tuulize: mvuto huu una nini ndani yake? Kwanza, unategemea mambo yanayompata kila binadamu: njaa, kuteleza, kuona haya, kushindwa na kifaa kidogo. Pili, unahusu cheo. Mtoto akianguka tunamwinua. Bwana mkubwa akianguka tunacheka, kwa sababu kilichoanguka pamoja naye ni majivuno yake. Jamii ya Uingereza, yenye matabaka na adabu nyingi za kujizuia, iliwapa wachekeshaji wake majivuno tele ya kuyaangusha. Tatu, kichekesho cha vitendo ni hesabu ya wakati. Kikiwahi hakichekeshi, kikichelewa kimekufa.

Mr. Bean, aliyeanza kuonekana katika televisheni ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, ni mfano mzuri wa sifa hizi. Rowan Atkinson, aliyesomea uhandisi wa umeme kabla ya kuwa mchekeshaji, alimjenga kama mtoto aliyekaa katika mwili wa mtu mzima. Vipindi vyake ni 15 tu, lakini vimetazamwa karibu kila pembe ya dunia. Katika kimoja anajiandaa kwa bidii kumsalimu Malkia, kisha katika kuinama anampiga kichwa akamwangusha. Mtazamaji hahitaji kuijua lugha ya Malkia. Yatosha kujua namna watu wanavyohangaika mbele ya mkubwa. Katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya London, tarehe 27 Julai 2012, Uingereza iliyataka mataifa yote yacheke pamoja, ikamchagua mhusika huyu aketi katikati ya okestra akibonyeza noti moja ile ile kwa kuchoka.

Historia hii iligusa nchi zetu pia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni. Dhana iliyoongoza kazi ya idara hiyo ilikuwa kwamba mtazamaji wa Kiafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Lazima apewe picha za polepole, nyepesi, zisizorukaruka. Na huku wakishikilia dhana hiyo, maofisa katika makoloni mbalimbali ya Afrika walizionyesha filamu za Chaplin pamoja na zile za mafunzo ili kuwavuta watu. Filamu hizo hazikutengenezwa polepole kwa ajili ya mtu yeyote, na watu walizifuata, wakacheka. Kicheko chao kilikuwa jibu tosha. Kama kumcheka Chaplin ni uchanga wa akili, basi London nzima ilikuwa changa.

Hata hivyo, tusiisifu sanaa hii kupita kiasi. Mwili unaoweza kumkejeli mkubwa unaweza pia kumdhalilisha mnyonge. Katika kumbi zile zile za muziki walikuwamo Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwafanyia mzaha watu weusi, na desturi hiyo iliendelea katika kipindi cha nyimbo na dansi cha televisheni ya BBC kuanzia mwaka 1958 hadi 1978. Huko nako watu walicheka bila kuhitaji maneno.

Kwa hiyo, mwalimu anayefundisha sanaa za maonyesho, na mwanafunzi anayetunga kichekesho kwa ajili ya shule yake, wana mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kwamba ukosefu wa maneno, vifaa au ruhusa si mwisho wa sanaa. Mara nyingi umekuwa mwanzo wake, ilimradi pawe na mazoezi ya kweli. La pili ni kipimo. Kila tunapocheka mtu akianguka jukwaani, tutazame ameanguka kutoka wapi. Akiwa ameanguka kutoka juu ya kiburi chake, kicheko hicho ni haki yetu. Akiwa alikuwa chini tangu hapo, basi sisi ndio tuliomkanyaga.