Mkusanyo wa Ruskin

Mkusanyo wa Ruskin ni mkusanyo wa michoro, picha za chapa, vitabu, madini na nakala za plasta uliopo katika mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Ulianzishwa mwaka 1875 na John Ruskin (1819–1900), mwandishi na mhakiki wa sanaa, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya mji huo. Unamilikiwa na Chama cha Mtakatifu George, ambacho Ruskin mwenyewe alikianzisha.

Historia

Makumbusho ya kwanza yalikuwa nyumba ndogo katika mtaa wa Walkley, juu ya kilima, mbali na moshi wa viwanda. Ruskin aliichagua Sheffield kwa sababu aliheshimu ufundi wa watu wake, waliojulikana kwa kutengeneza visu. Mtunzaji wa kwanza alikuwa Henry Swan, fundi wa kuchonga mabamba ya picha, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Ruskin jijini London. Makumbusho yalifunguliwa hata jioni na Jumapili, saa ambazo mfanyakazi aliweza kufika.

Mwaka 1890 mkusanyo ulihamishiwa Meersbrook, katika mji huohuo. Baada ya makumbusho hayo kufungwa katika miaka ya 1950, ulipelekwa Reading, kusini mwa nchi. Si kila kitu kilichorudi: mchoro wa Bikira Maria unaohusishwa na Verrocchio, alioununua Ruskin huko Venice, sasa uko Edinburgh. Sehemu kubwa ilirejea Sheffield mwaka 1985, na tangu mwaka 2001 huonyeshwa katika Millennium Gallery.

Michoro ya majengo

Sehemu yenye uzito zaidi ni michoro ya majengo ya kale ya Italia na Ufaransa. Katika karne ya 19 makanisa mengi yalikuwa yakikarabatiwa kwa namna ambayo Ruskin aliiona kuwa ni uharibifu: mawe ya zamani yaliondolewa au kukwanguliwa, na mapya kuwekwa badala yake. Hivyo aliwalipa wachoraji, wakiwemo Thomas Matthews Rooke na Frank Randal, wakachore kuta, nguzo na nakshi kabla hazijaguswa. Kamera zilikuwepo, lakini hazikuweza kuonyesha rangi za mawe.

Kazi kubwa kuliko zote ni ya John Wharlton Bunney, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta kati ya mwaka 1877 na 1882. Inaonyesha uso wa magharibi wa Basilika la Mtakatifu Marko huko Venice, na ina upana wa zaidi ya mita 2. Wakati huo upande wa kusini wa basilika ulikuwa umeshakarabatiwa, na ilihofiwa kwamba uso wa magharibi ungefuata. Mwaka 1879 William Morris na wenzake nchini Uingereza waliongoza malalamiko dhidi ya mpango huo. Bunney alifariki mwaka 1882, mwaka uleule kazi ilipomalizika.

Uhifadhi

Mwanga hufifisha rangi za maji, na rangi iliyofifia hairudi. Kwa sababu hiyo michoro ya karatasi huonyeshwa kwa zamu, katika mwanga hafifu, kisha hurudishwa ghalani.