Mjumbe hauawi: Joule, kimea na paneli iliyozima namba Mlali

Test zimeisha, boom bado halijaingia, kwa hiyo tuna muda wa kupiga soga. Leo historia yangu sio ya Majimaji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya pombe na umeme. Mliookoka msinikimbie jamani, hakuna atakayelewa hapa.

Kule kwetu Mlali, wilaya ya Kongwa, shangazi yangu anapika pombe ya mtama. Kuni zimekuwa ghali na ziko mbali, basi mwanae, binamu yangu, akamuundia pipa lenye hita ya umeme ya kilowati 3 na paneli ya kuiendesha. Kwenye paneli kuna vioo viwili vya namba: kimoja kinaonyesha joto la pipa, kingine joto la maji. Raha tupu! Ila baada ya miezi kadhaa vikaanza tabia. Hita ikishawaka dakika kumi hivi, namba zinapotea zote mbili. Baada ya muda zinarudi zenyewe. Mtaa mzima ukatoa hukumu: vioo vya bei rahisi vimekufa, nunua vingine.

Mimi nasema hukumu hiyo ni kosa la kihistoria. Nitaeleza.

Kwanza tujue namba zile zina kazi gani. Mtama unalowekwa, unachipua, unaanikwa, unasagwa, hicho ndicho kimea. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira inakuja kuila hiyo sukari na kutoa kileo. Vimeng'enya hivyo vinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi. Ukivichemsha, vimekufa. Ndiyo maana bibi zetu walipika uji kwanza, wakauacha upoe kiasi, ndipo wakatia kimea. Nani aliwapa kipimajoto? Hakuna. Walijua kwa mkono, kwa harufu na kwa jinsi uji unavyolegea ukionja utamu. Vizazi na vizazi.

Wazungu nao walikuwa hivyo hivyo. Viwanda vya bia vya Uingereza vilianza kuzoea kipimajoto katika karne ya 18. Mwaka 1762 Michael Combrune, mpika bia wa London, alichapisha kitabu cha nadharia na vitendo vya kupika bia, akisisitiza kupima joto badala ya kukisia. Kwa hiyo namba kwenye pipa ni jambo la juzi tu ukilinganisha na umri wa pombe yenyewe.

Sasa anakuja mtu wangu. James Prescott Joule, amezaliwa 1818 Salford, jirani na Manchester, katika familia yenye kiwanda cha bia. Wale wa Fizikia mnamjua kwa jina lake tu, joule, kipimo cha nishati. Lakini jamaa alikuwa mtoto wa mpika bia na alifanya kazi kiwandani kwao. Mazoea ya kupima joto kwa umakini mkubwa yalimsaidia sana kwenye majaribio yake. Mwaka 1841 alitangaza kanuni hii: joto linalozalishwa na umeme ndani ya waya linalingana na ukinzani wa waya ule ukizidishwa na mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto linapanda mara nne.

Basi turudi kwenye paneli tukiwa na huyo mpika bia. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 inavuta ampea 13 hivi. Tuseme kuna mahali skrubu imelegea, ukinzani wake nusu ohm tu. Kumi na tatu mara kumi na tatu ni 169, mara nusu unapata wati 84 na ushee. Hiyo ni zaidi ya balbu ya zamani ya wati 60, imefungiwa kwenye kiungio kidogo kama punje ya hindi! Lazima kiungue. Na kila kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, skrubu inazidi kulegea.

Fundi aliyeitwa hakununua kioo. Aliuliza swali moja: zinapotea zote mbili au moja? Moja ikizima peke yake, mshuku kioo chenyewe au waya zake. Zikizima zote kwa pamoja, tafuta wanachochangia. Vioo vya aina hii vingi vinavumilia umeme mdogo, hata ukishuka hadi volti mia na kitu, kwa hiyo umeme kupungua kidogo jioni hautoshi kuvizima. Akapima volti panapoingilia umeme: ziko sawa. Akapima kwenye vioo vilipozima: hamna kitu. Maana yake ugonjwa uko katikati, ndani ya paneli. Akazima swichi kubwa, akahakikisha kwa testa, akafungua. Waya wa nyutro, ambao vioo, kontakta na hita vyote vinautegemea, ulikuwa umelegea kwenye kiungio, plastiki yake imebadilika rangi kuwa kahawia. Alikata sehemu iliyoungua, akaweka kiungio kipya kikubwa, akawapa vioo njia yao yenye fyuzi ndogo. Namba hazijapotea tena.

Hapa ndipo pananitisha. Namba zilipopotea, hita nayo ilikuwa imekatika, ila hakuna aliyeiangalia. Uji ulikuwa unapoa, kimea hakifanyi kazi, pombe inatoka chachu na hasara ni ya shangazi. Kiungio kikipoa, kinagusana tena, kila kitu kinawaka chenyewe. Kibaya zaidi: nyutro ikikatika, waya wa moto bado una volti 230. Kioo cheusi hakimaanishi umeme haupo! Mtu anaona giza, anatia mkono au mwiko wa chuma kwenye pipa "maana umeme umekatika", na anaweza asitoke. Ndiyo maana ethi na swichi inayokata umeme ukivuja sio mapambo.

Waswahili walisema mjumbe hauawi. Kioo kilileta habari, sisi tukataka kukinyonga.

Na Kongwa tunapaswa kulijua hili kuliko watu wote. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi wa karanga. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kupanda ekari 150,000, zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Walileta matrekta, wakageuza hadi vifaru vya vita kuwa vya kung'olea visiki. Mitambo ilikuwa mingi, vipimo vya mvua na udongo vichache. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, vyuma vikavunjika, wakalaumu vyuma. Mradi ulifutwa 1951, paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zimekwenda. Mgogo anayelima uwele pale alikuwa anajua mvua ile ilivyo, lakini nani alimuuliza?

Sisi tunaokwenda kufundisha tuna vioo vyetu pia: karatasi za matokeo. Darasa zima likipata sifuri kwa pamoja, usikimbilie kusema watoto ni vilaza. Uliza swali la fundi: wote au mmoja? Kama ni wote, tafuta wanachochangia. Na mara nyingi wanachochangia ni mwalimu.

Haya, boom likiingia mniambie.